Jeni Zilizokufa Ndani ya Mdudu wa Kahawa

Jumatatu, 10 Juni 2024

Majibu ya maabara yamefika. Bakteria wanaoishi tumboni mwa wadudu wa kahawa wa Mbuji — karibu nusu ya DNA yao haitengenezi protini yoyote. Nusu! Bakteria wengi hawabebi mzigo wa bure hivyo. Dokta Cuthbert, msimamizi wangu, anasema mashine imekosea. Nifute sura hiyo ya tasnifu yangu, nimalize shahada.

Sifuti.

Jumatano, 12 Juni

Nyumbani Mbuji. Baba anachuma kahawa, mimi nakamata wadudu kwenye mibuni ileile. Akauliza hizo sehemu zisizofanya kazi zimetoka wapi.

Nikamwambia nionavyo mimi: zamani bakteria huyu aliishi nje, akijitafutia kila kitu. Alipohamia tumboni mwa mdudu, akawa analishwa. Jeni za kujitafutia zikaharibika moja moja, naye hakuona hasara. Ninachokiona ni mabaki ya jeni hizo.

“Yatakaa humo siku zote?”

Hapana, baba. Yanamomonyoka polepole. Huyu hajamaliza kwa sababu hajahamia zamani sana.

Akamaliza kuchuma tawi zima. “Sasa mwalimu wako anakataa nini?”

Nikamwambia anasema mashine imekosea. Kesho naenda Ukata, nichukue wadudu wengine.

Alhamisi, 27 Juni

Ukata — yaleyale. Jeni zilezile, zimevunjika palepale. Mashine gani hukosea hivyo mara mbili? Nimempelekea Dokta.

Edina wa maabara kaninong'oneza: Dokta ameandika miaka mingi kwamba bakteria hawa huishi popote, mdudu ni pa kupitia tu. Kumbe. Nikiwa sahihi mimi, yeye anaanza upya.

Na aanze.

Ijumaa, 5 Julai

Mbinga mjini, ukumbini, kwenye mkutano wa watafiti. Naandika huku watu wakinywa chai.

Nilikuwa naeleza utafiti wangu. Nilipoweka picha ya jeni zilizokufa, Dokta akasema kutoka kiti cha mbele, “Vitalia, hiyo iruke.” Nikaendelea nayo. Akaomba mapumziko. Nje akaniambia taratibu, kama mzazi: binti, ukirudia hilo, tafuta msimamizi mwingine.

Nikasema, “Nimekuelewa, Dokta.”

Wanarudi. Amekaa palepale mbele, amekunja mikono. Kijana wa kompyuta anauliza tuanzie picha ipi.

Nimemwambia hiyohiyo, na aikuze —