Nilimfungia Baba Dirisha Neno Likiwa Mdomoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa kuandika, maana kusema kwa mdomo kumenishinda.

Nimemaliza shule mwaka huu, tunaishi Isfara mimi na mama, na baba yuko ugenini, Tyumen, anajenga maghorofa, kwa hiyo tunamwona kwenye kompyuta tu, kila Ijumaa, na kompyuta hiyo hiyo ndiyo ninayochapia kadi za harusi za majirani. Shuleni nilijifunza kutumia vitufe badala ya kipanya: nikibonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na mshale wa kushoto, baba anakaa nusu ya kioo, kadi inabaki upande wa kulia, mama anaongea naye, mimi nachapa, hakuna anayemsumbua mwenzake. Mama hunitania, "Haya, mpiga kinanda, mpunguze baba yako, amejaa kioo kama mkate wa tanuri."

Siku hiyo baba alikuwa na sauti ya chini. Akamwambia mama, "Mohira, kuna neno nataka kukwambia, ila usikasirike." Mama akashika kipanya, akabofya upande wa baba aongeze sauti, na mimi sikuona, nilikuwa nimemaliza kadi, nikafikiri si adabu kusikiliza mambo ya wakubwa, nikabonyeza Alt na F4 nifunge kadi niondoke, na kilichofungwa kikawa ni baba.

Mama akasema, "Amekata. Ameshindwa kunitazama." Mimi nikaikodolea kadi iliyobaki kwenye kioo. Mama mdogo Sharofat alikuwa mlangoni, akacheka, "Mwanamume akianza na 'usikasirike', dada, ujue huko jikoni kuna sufuria ya pili." Baadaye baba akatuma ujumbe: "Umenifungia usoni. Sawa." Mama akasema, "Ona, anajifanya yeye ndiye aliyeonewa!" Kesho yake kwenye tanuri la mkate la mtaa, mbele ya wanawake wote, akasema hata baba arudi na dhahabu atalala uani na mbuzi.

Tangu hapo hawajaongea, na mama amekunja mafarishi, magodoro ya harusi yake, akayatia sandukuni, anasubiri tu matunda ya aprikoti yakauke juu ya paa, mjomba aje na gari amrudishe kwao. Nikisema ni mimi, mama ataaibika kwa yale aliyoyatamka, na tena sijui baba alitaka kusema nini, pengine ni mke wa pili kweli, basi nitakuwa nimemwita arudi amalizie neno hilo. Sijui kama kidole changu kimeivunja nyumba au kimeiokoa. Ninyamaze?

Mwenye Haya, Isfara

JIBU

Mwenye Haya, majina nimeyabadilisha, kwa hiyo tulia usome.

Pole. Kosa la kwanza ni la vitufe, na kila mchapaji amewahi kulifanya. Alt na F4 hazijui kadi wala baba. Hufunga dirisha lililoguswa mwisho, na mama yako alikuwa ameligusa la baba. Siku nyingine tazama kwanza. Kama huna hakika, bonyeza kitufe cha dirisha na D: yote yanajificha bila kufa, ukirudia yanarudi.

Lakini kunyamaza kwako si kidole kilichoteleza. Huko umekuchagua mwenyewe, kila siku, huku unageuza aprikoti kando ya mama yako. Ni adabu gani hiyo, kumwacha mtu afunge sanduku kwa jambo ambalo halikutokea?

Unauliza kama kuna mke. Mimi sijui, wewe hujui, na huyo mama mdogo wa masufuria hajui kabisa. Labda baba ameumia kazini. Labda hajalipwa. Labda ni hilo hilo mnaloliogopa. Vyovyote iwavyo, neno bado limo kinywani mwake, kitufe hakikulifuta. Mama akiondoka, na aondoke kwa neno alilolisikia, si kwa kioo kilichozimika. Na aibu ya tanurini ni yake. Ni mtu mzima, ataibeba, na hao wenzake wamewahi kusema makubwa kuliko hayo.

Leo, kabla aprikoti hazijaanuliwa, mwambie sentensi moja: "Mama, niliyemfunga baba ni mimi." Sauti ikigoma, ichape kwa herufi kubwa kama za kadi ya harusi, umwite asome. Usingoje maswali. Mpigie baba hapo hapo, umwambie sentensi hiyo hiyo mama akisikia. Utafokewa kutoka pande mbili. Vumilia, kelele hizo ni zako.

Wakishamaliza kukufokea, funga kadi zote, moja moja, huku ukitazama. Bonyeza kitufe cha dirisha na mshale wa juu, baba ajaze kioo kizima. Mpe mama kiti chako. Kisha toka nje, ufunge mlango.