Tufe la Pini Iliyobaki

Taplelei dada yangu,

Nimekuficha jambo tangu Alice wako akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Siku ile mumeo Mokaya alipouawa sikuwa shuleni nikisahihisha mitihani, kama nilivyokuambia, na kama nilivyorudia kanisani nikiwa nimeshika jeneza lake. Nilikuwa Kedowa, uani kwako, katikati ya lile kundi.

Chamgei, mama Alice. Najua nimeanza vibaya, barua hutanguliza salamu. Lakini nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama ninavyofanya kwa simu kila Jumapili. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko? Yule ng'ombe mweupe amezaa? Na majani ya chai, mnachuma, au mvua ya mawe imeyachanachana tena? Mimi bado niko kwa binti yangu Chebet katika mji huu wa theluji Marekani, katika chumba cha chini chenye dirisha linaloona viatu vya wapita njia tu. Moyo wangu umechoka. Daktari hakuzungukazunguka. Alisema wiki, hakusema miezi. Miguu imevimba mpaka soksi haziingii. Naandika mistari mitano, napumzika, naandika mingine.

Nakuandikia kwa sababu ya ulichoniambia Jumapili iliyopita. Kwamba jirani yako Joseah amelala hoi, kwamba alimtuma mkewe kwenye ua wako aombe uende mkasali pamoja, nawe ukamjibu, "Mwambie afe na damu ya mume wangu mikononi." Kati yangu na Joseah sijui nani atatangulia, ila yeye asiingie kaburini na jina hilo. Soma mpaka mwisho, halafu uvuke ua uende kwake.

Kilichonivunja ni kitu cha kuchekesha. Hapa wazee waliostaafu wana mchezo wao wa boling kila Jumanne asubuhi, na Chebet alinipeleka ili nisioze kwenye kiti. Unarusha tufe zito, kama lile la michezo ya shule lakini kubwa kama boga, lenye matundu matatu ya vidole. Linabingirika kwenye njia ndefu ya mbao iliyopakwa mafuta, na mwisho wa njia kuna pini kumi zimesimama. Ukiziangusha zote mara moja ni straiki. Zikibaki, unapewa nafasi moja tu ya kumaliza zilizobaki, na hiyo ndiyo speya. Mlio wake siupendi. Ni kama paa linapoanguka likiwa linaungua, mbao zinapasuka zote pamoja, kisha kimya.

Nilikuwa nikiangusha tisa. Kila mara ilibaki ile ya pembeni kabisa, upande wa kulia, imesimama peke yake, na tufe langu likifika karibu yake linapinda na kuiacha. Mwenzangu Walter, aliyekuwa dereva wa basi, alikuwa akinicheka mpaka anakohoa. "Mwalimu, unaihurumia! Hiyo pini ni shemeji yako?"

Hakujua alichosema. Mimi nilicheka pamoja naye.

Ndipo akanipeleka kwa mama mmoja mwenye duka dogo mle ndani, anayeuza matufe na kuyatoboa kwa kipimo cha mkono wa mtu. Dolores, mnene, sauti kama ya karani wa kituo cha majani. Alishika kiganja changu, akakikunja, akakikunjua, akanitazama nikirusha mara mbili.

"Mzee, shida yako si nguvu," akasema. "Unafanyisha tufe moja kazi mbili. Hili lako lina ngozi inayouma mbao. Likitoka kwenye mafuta likakuta pakavu, linapinda. Kwa pini kumi ni sawa, unataka lipinde liingie katikati yao. Kwa pini moja linakuponza."

"Nichukue lipi basi?"

"La plastiki ngumu. Haliumi, haliringi, halisikilizi njia. Lina uzito wa ratili moja chini ya hili lako ili mkono usichoke. Kwa pini moja usitake ujanja, mzee. Taka kitu kigumu kisicho na akili, kinachokwenda pale ulipokituma."

"Hata mke wangu hayuko hivyo," Walter akasema.

"Ndiyo maana alikuhama," Dolores akamjibu.

Aliyapanga manne kwenye zulia. Nikainama. Nikalinyanyua la kwanza, nikaliweka chini. Nikanyanyua la pili. Nilipofika la tatu, jeusi, laini, gumu, mkono ukanijibu wenyewe kabla sijafikiri, na nikajua kwamba niliwahi kusimama hivi, nimeinama juu ya vitu vilivyolazwa chini, nikipima ni kipi kitakwenda moja kwa moja. Jasho likanitoka. Dolores akadhani ni moyo. Nilinunua lile jeusi.

Jumanne iliyofuata pini ile ilibaki tena. Nilisimama kushoto kabisa, nikalituma lile tufe likatishe njia yote. Halikupinda hata unywele. Liliikata pini shingoni, ikaruka, ikagonga ukuta. Wazee wakapiga makofi. Mimi nilitapika palepale kwenye viatu vya kukodi, na niliposhtuka nilikuwa hospitali.

Sasa nikuambie ya Kedowa.

Unakumbuka asubuhi ile kabila letu lilipowageukia watu wa kina Mokaya, ulivyokimbia na watoto kuelekea Fort Ternan, ukajificha kwa wale watu wa karibu na reli. Mokaya alikataa kutoka kwa sababu ng'ombe alikuwa anazaa. Ulinitumia mtu shuleni: "Kaka, nenda ukamtoe, wewe hawatakugusa." Nilikujibu baadaye kwamba barabara ilikuwa imefungwa kwa magogo. Magogo yalikuwepo, lakini nilipita. Niliitwa mwalimu, wakaniondolea.

Niliwakuta wameshaanza. Nyumba ya mfanyabiashara wa mahindi ilikuwa inaungua na magunia ndani, mahindi yakilia kama risasi. Mzee mmoja wa kabila la kina Mokaya alikuwa amekaa barabarani akishikilia mshale tumboni kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Aliniomba maji. Nilimruka. Ng'ombe walikuwa wamekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, wanajaribu kusimama, wanaanguka, wanajaribu tena. Mbwa wa jirani yako alikuwa ananing'inia kwenye waya wa ua. Nilikuwa nimefundisha nusu ya watu wale. Mmoja alinisalimia, "Shikamoo, mwalimu," panga likiwa linachuruzika.

Aliyewaongoza hakuwa wa kwetu. Alikuja na lori kutoka mbali, mtu mzima mwenye koti la mvua. Waliponizunguka aliuliza mimi ni nani, wakamwambia ni mwalimu, na dada yake ameolewa na mmoja wao.

"Ahaa," akasema. "Kwa hiyo wewe ni nusu. Mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Mtu wa namna hiyo tunampasua katikati ili kila upande upate wake."

Watu walicheka, Taplelei. Wanafunzi wangu walicheka.

Joseah alikuwepo. Walimtoa kwake kwa nguvu kama walivyowatoa wanaume wote wa kilimani, na alitembea nao mpaka langoni kwako. Hapo akasimama, akalaza rungu lake kwenye nyasi, akakaa chini kando yake.

"Mimi naishia hapa," akasema. "Mokaya alinichumia majani nilipovunjika mkono. Siendi mbele."

"Mwanamke wewe!" yule wa koti akafoka. "Nikuletee kikapu ukachume?"

"Lete," Joseah akasema. "Chai haingoji vita iishe."

Walimpiga. Walimpiga kwa bapa la panga mdomoni mpaka meno mawili yakatoka. Yale mapengo unayoyachukia kila anapocheka, ndipo alipoyapatia. Alikaa tu, anatema damu kwenye nyasi zako. Hakushika rungu lake tena.

Yule mtu akanigeukia. "Na wewe, nusu? Amebaki mmoja ndani ya ile nyumba. Wengine wote tumewaangusha. Huyo ni wako. Ukimmaliza tutajua wewe ni wetu. Ukishindwa, tutawamaliza wawili, halafu tutamtafuta dada yako huko kwenye reli."

Nilijiambia miaka yote kwamba nilifanya kwa ajili yako, kwa sababu alitaja reli. Si kweli. Angesema lolote ningefanya. Niliogopa kupasuliwa, na zaidi ya hapo niliogopa kile kicheko.

Sikuwa na silaha. Mwalimu wa jiografia, kalamu mfukoni. Wakatupa vitu miguuni pangu nichague: panga, mkuki uliopinda, marungu mawili ya mti laini. Nikavinyanyua kimoja kimoja, nikavirudisha. Kisha nikaenda kwa Joseah, nikainama mbele ya uso wake uliojaa damu, nikachukua lake. Unalijua lile rungu. Mti mgumu mweusi, kichwa kizito, waya wa shaba shingoni. Tangu tukichunga wote tulijua halipindi hewani. Joseah alisema neno moja tu, jina langu, kwa sauti ya chini. Sikumtazama.

Mlango ulifunguka, Mokaya akatoka. Alikuwa na damu mpaka kwenye viwiko, damu ya uzazi, ng'ombe alikuwa ameshazaa. Kati yetu palikuwa na hatua kama kumi na tano. Nikarusha. Lilimpata juu ya jicho la kulia. Hakulia. Alikaa chini polepole, mgongo kwenye mlango, na waliobaki wakamrukia. Lakini alikuwa ameshakufa, Taplelei. Walichomfanya baadaye walikifanyia maiti. Naomba angalau hilo likupunguzie kitu.

Uliporudi kumzika ulikuta rungu la Joseah kando yake. Ukatangaza mbele ya watu wote, na hakuna aliyebisha, kwa sababu sisi tunajua rungu la mtu haliazimwi, hurushwa na mwenyewe. Wazee hawakuuliza lilirushwa na nani. Waliuliza ni la nani. Alipoulizwa, Joseah akasema ni lake. Tangu siku hiyo hakuna aliyekunywa naye maziwa ya mursik, wala kumpa mbegu, wala mtu wa karibu aliyemwoa binti yake.

Nilimwendea siku ya tatu, nyuma ya zizi lake. Mdomo ulikuwa umevimba, maneno yalitoka kwa shida.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Waliuliza rungu ni la nani. Nimejibu."

"Joseah, watakutenga mpaka ufe."

"Tulikaa menjo moja," akasema. "Usiniulize kama mtu wa nje."

Wewe hukuruhusiwa kujua yanayosemwa katika menjo, ile nyumba ya jando ambamo wavulana hufichwa mpaka wapone. Mimi na Joseah tulitahiriwa asubuhi moja kwa kisu kimoja, na humo tuliapishwa kwamba mtu hamtoi mwenzake wa menjo, hata kwa mama yake. Joseah aliushika ule wajibu kwa miaka yote hii, nami nikautumia kama blanketi. Nikapata nafasi ya kusoma ng'ambo, nikaondoka, nikamwachia baridi. Leo namfungua mimi mwenyewe. Waambie wazee. Msomee mchungaji barua hii yote. Chebet nimemwambia jana. Alipanda ngazi, na mpaka sasa chakula changu kinaletwa na mumewe.

Nisalimie Alice, mwalimu mwenzangu, na watoto wake ambao siwezi tena kuwaita wajukuu bila kuomba ruhusa. Nisalimie ndugu yetu mdogo anayelinda shamba la baba kule Kipkelion. Mwambie asinichimbie kaburi hapo, nimemwambia Chebet nizikwe hukuhuku. Nisalimie mke wa Joseah. Ukiweza kumshika mkono, mshike kabla hujasema neno lolote.

Jina langu naliweka hapa, kabla ya maneno ya mwisho, kwa sababu ukishayasoma huenda usitake kuliona: ni mimi, Kimutai, mtoto wa mama yako.

Nimeandika kwamba mlango ulifunguka. Haukufunguka wenyewe. Mokaya alikuwa ameuegemezea magogo kwa ndani, na ule mlango wa mvule wasingeuvunja mapema. Walikuwa wameanza kuchoka, baadhi walishageuka kwenda kwa jirani. Nilisogea mpaka hatua kama kumi na tano, nikaficha rungu nyuma ya paja, nikaita kwa sauti anayoijua: "Shemeji, ni mimi. Toka, nimetumwa na Taplelei." Nikamsikia akiondoa magogo, moja baada ya lingine. Alitoka akiwa anatabasamu.