Skrini Nilizochagua Mimi, Maduhu Ndiye Anayezilipia

Mama Bhoke mpendwa,

Nisaidie kabla mwezi haujaisha, maana nikinyamaza tena rafiki yangu atafukuzwa kazi kwa uamuzi uliokuwa wangu. Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja hapa Shinyanga, naishi Ibadakuli na mke wangu na watoto, na zamani tulikuwa na kikundi kilichokutana Jumamosi nyuma ya duka la redio la mzee Pranlal, kwa sababu binti yake Urvi ndiye aliyetuletea disketi zenye zana ya bure ya kutengenezea programu, zana ambayo ukichora madirisha na vitufe vyako mara moja tu vinafunguka kwenye kompyuta ya aina yoyote, na sisi huku tulikuwa nazo za kila aina, za Windows madukani na za Makintoshi walizoacha wamisionari, kiasi kwamba awali kazi moja tuliiandika upya kwa kila aina ya mashine hadi tunachoka.

Lakini Mama, uzuri haukuwa kwenye zana tu, ulikuwa kwa watu wake, maana waliitumia dunia nzima na ukikwama unawauliza kwa barua pepe, nasi tuliyapeleka maswali yetu kwa disketi hadi Mwanza kwenye mtandao, na siku skrini ilipoanza kukata majina yetu ya Kisukuma yenye ng' kana kwamba yamekosewa, mtu mmoja wa Brazili ambaye hajawahi kumwona Msukuma alituandikia marekebisho, na Urvi naye akawa anawajibu wengine wa huko mbali, tukacheka, tukajiona na sisi tumo.

Kwa zana hiyo tuliitengenezea programu zahanati ya Maduhu, mwenzetu wa kikundi, ambaye ni tabibu machimboni upande wa Geita. Wagonjwa wake wa kifua kikuu ni wachimbaji, leo wako shimo hili, kesho wakisikia dhahabu imeonekana kwingine wamehama, na programu ile ilimwonyesha kila mmoja amefikia wapi kwenye dawa.

Ndipo akaja wakala wa kampuni moja ya Dar es Salaam na zana ya kuuza, ina vitabu vinene na skrini za kupendeza, nikapewa na cheti cha kutundika ukutani, basi nikatekwa, nikawaambia wenzangu wote tuhamie huko. Urvi akakataa. Nikamwuliza, "Hao wa bure wakichoka, utamlilia nani?"

Akanijibu, "Mwalimu, hapa tukikwama tunauliza watu wengi. Huko utamwuliza mtu mmoja, tena muuzaji."

Nikamwambia anasema hivyo kwa sababu zana ile aliileta yeye. Alikusanya vikombe vya chai mezani akaingia ndani, na mimi sikurudi tena Jumamosi. Maduhu alisitasita lakini akasema, "Wewe ndiye mwalimu wangu, mimi nakufuata," akaomba kibali cha kubadilisha programu ya zahanati kwa jina lake.

Mwaka huu kampuni imefunga ofisi, simu hazipokelewi. Programu yao haifunguki bila kifunguo chao cha plastiki kinachochomekwa nyuma ya kompyuta, nacho kiliungua umeme uliporudi kwa nguvu. Habari za wagonjwa zimefungiwa humo. Mama mmoja mponda mawe, kadi yake imepotea machimboni, alikuwa karibu kumaliza dawa, na kwa kuwa hakuna wa kuthibitisha alipofikia, ameanzishwa upya, tena na sindano juu. Maduhu amesimamishwa kazi. Kamati ya nidhamu inakaa mwisho wa mwezi kumwuliza kwa nini aliacha programu iliyokuwa inafanya kazi, na hajanitaja.

Wema, mke wangu, ananiambia, "Baba Eliya, ukijipeleka chuo hakitakuacha, na hawa watoto watakula nini?" Nilimtumia Maduhu salamu, akarudisha neno: "Mwambieni sina kinyongo, ila nyumbani kwangu asije." Mjini nazunguka nisipite mbele ya duka la baba yake Urvi, ambako nasikia kikundi cha Jumamosi kimekua hadi viti havitoshi. Nilitaka nijifungie, nivunje kufuli la ile programu peke yangu, niwatokee na kazi iliyokamilika. Nimejaribu, nimeshindwa. Nifanye nini?

Mwalimu, Ibadakuli

Mwalimu,

Pole. Na sikufichi, umeniudhi.

Kuchagua zana mbaya si dhambi, mawakala kama yule huwavuta hata wenye akili kukuzidi. Ulipokosea ni pale ulipoambiwa ukweli na mwenzako ukautafutia sababu ya kuudharau, kisha ukaondoka mahali penye watu wa kuuliza ukamvuta na mtu aliyekuamini. Unasema Maduhu hajakutaja. Unadhani amesahau jina lako? Anakusubiri ulitaje mwenyewe.

Wema usimlaumu, hofu yake ni ya mama. Kaa naye, mweleze, umwulize na watoto wa Maduhu watakula nini. Halafu iandikie kamati wiki hii, usingoje kuitwa. Sema ni wewe uliyeshauri, ni wewe uliyesisitiza, naye alisaini kwa kukuamini. Usimsingizie wakala wala umeme. Chuo kikikufukuza utaumia, na mimi siwezi kukuahidi kwamba hakitakufukuza. Fundi wa kompyuta atapata kazi nyingine. Tabibu aliyeandikwa mzembe hapati.

Kwa Maduhu usiende. Amekuomba usije, mheshimu. Siku akitaka kukuona atakuita, na asipokuita pia utavumilia.

Na huo mpango wa kujifungia ufute leo. Ni kiburi kile kile, sasa kimevaa nguo za toba. Yule mama anachomwa sindano wakati wewe unatafuta namna ya kurudi bila aibu! Ichukue kompyuta ya zahanati kwa ruhusa ya wakubwa, uipeleke kwa Urvi Jumamosi, mchana, kikundi kizima kikiwepo. Huenda yuko mtu mahali fulani duniani aliyewahi kufungiwa kama ninyi, na wao wanajua pa kumwulizia. Huenda hayupo. Hutajua ukiwa umejifungia chumbani.

Urvi anaweza kukusema mbele za watu. Acha akuseme. Akimaliza, vuta kiti, kama hakuna simama, uwaonyeshe mlipokwama.

Mama Bhoke