Chai Aliyoimwaga Mzee Yohana

Ijumaa, Julai 1954

Kumbe si maradhi. Ni mimi!

Juzi Mzee Yohana alianguka tena mlangoni, hapa kwenye nyumba ya wazee Makambako ninakohudumu, midomo imemkauka, maneno yake hayaeleweki. Tukamkimbiza hospitali kwa lori la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, lililokuwa likirudi Njombe. Ni mara ya tatu tangu baridi ianze. Niliogopa kwamba safari hii hatarudi.

Leo nimekwenda kumtazama. Dresa, yule msaidizi wa daktari, akaniambia mzee hana ugonjwa, ana kiu tu. Nikawaka. Chai si nampelekea mwenyewe kila jioni?

"Ameniambia mwenyewe anaimwaga dirishani," dresa akasema. "Akinywa, usiku atataka kwenda chooni, na wa kumshika mkono ni wewe. Mume wako si mtoto wa ndugu yake? Wewe ni mkwe wake, mama!"

Kwetu Mdandu hata kumpita karibu baba mkwe nisingethubutu. Hapa nimevaa eproni, nikadhani eproni inaondoa ukwe.

Angesema tu, jamani! Lakini angemwambia nani, na mhudumu ni mimi...

Afadhali. Aibu ina dawa. Akirudi, usiku atasaidiwa na Petro, mpishi wetu.

Nilimweleza mzee hivyo nikiwa nimesimama mlangoni mwa wodi, mbali kidogo. Mzee alikuwa ameelekeza uso ukutani, kama inavyompasa.

"Asante, mkwe," akasema. Kisha, bila kugeuka, akainua kikombe chake cha chai juu, akakipindua. Halikudondoka hata tone.