Skripti Yangu, Kiti cha Ruiru

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi kama kawaida. Kitufe kimoja, madirisha ya kompyuta yakajipanga: oda kushoto, mizani kulia, malori skrini ya pili. Skripti inayoyapanga, programu fupi tu, niliiandika mwenyewe kwenye kompyuta ya Linux ya ofisi yetu ya Thika, wikendi nzima, tuache kusaka madirisha huku madereva wakipiga honi. Leo Njoroge, karani mwenzangu, amemwonyesha meneja. "Nimetengeneza kitu kidogo, boss." Nilikuwa hapo hapo, kikombe mkononi. 

Jumatano, 5 Machi
Njoroge amepewa usimamizi wa tawi la Ruiru. Kwa sababu ya skripti yangu. Nafasi hiyo mimi pia niliiomba. Namchukia. Nimeliandika neno hilo nikalitazama. Bado namchukia.

Ijumaa, 7 Machi
Ameinakili skripti kwenye flash ya kwenda nayo Ruiru, bila hata kuisoma. Ndani nimetaja skrini zetu za Thika kwa majina. Za Ruiru zina majina mengine. Kule madirisha yatatumwa kwenye skrini isiyokuwepo. Yatakuwa wazi na hakuna atakayeyaona. Ningeweza kumwambia. Nimemtakia safari njema.

Jumatatu, 10 Machi
Simu ya Njoroge, saa ya chai. Sikushika. Tena. Sikushika. Nikamaliza mandazi yangu. Wanasema malori Ruiru yamepanga foleni hadi nje ya geti, na wakibonyeza kitufe skrini zinabaki tupu. Nimefurahi vibaya sana.

Jumanne, 11 Machi
Meneja amenipeleka Ruiru. Njoroge ndiye aliyeomba niitwe. Akaninong'oneza, "Wambui, please, rekebisha tu hiyo kitu, tutaongea."
Nikakaa kwenye kiti chake, mikono mapajani. Makarani wote wamesimama. Meneja akauliza nangoja nini. Nikasema namngoja aliyeiandika atuambie tatizo. Nje honi. Sikusogea.
Njoroge akatazama viatu vyake. "Ni yeye aliandika, boss. Si mimi."
Nikabadilisha majina ya skrini. Madirisha yakarudi.

Alhamisi, 13 Machi
Kiti cha Ruiru ni changu. Njoroge amerudishwa Thika. Nilidhani ningecheka. Nimechoka tu.
Makarani wa hapa wananisalimia vizuri. Lakini waliniona nimekaa vile, madereva wakiungua juani. Nikiingia, wananyamaza.
Mchana nimekula peke yangu.