Nadhiri ya Rais Sbraccia

Mtaa wa Wafinyanzi 11,
Castelbruno, Marche,
Italia.
9 Juni 1996.

Mpendwa Mjomba Settimio,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Rosario? Mgongo unaendeleaje, na mkaza mjomba Delfina bado anakunyima chumvi? Sisi hapa wazima. Mama ametimiza miaka themanini na moja, bado anapasua kuni mwenyewe na bado hasikii la mtu.

Uliuliza katika barua yako ya Pasaka kama ni kweli nimerudi kuifundisha timu. Ni kweli. Lakini kaa kitako nikueleze, maana nina donge rohoni na mjini hapa hakuna wa kumtolea.

Unajua nilivyoichezea Castelbruno misimu kumi na mitatu, jezi namba nne, minane kati ya hiyo nikiwa nahodha. Goti langu la kushoto lilibaki kwenye uwanja ule. Nilipostaafu wakanipa ukocha, na kwa miaka minne hatukushuka daraja. Basi Oktoba iliyopita tulifungwa mechi tatu mfululizo. Jumanne nikaenda mazoezini, nikakuta geti limefungwa. Vitu vyangu vilikuwa nje kwenye gunia la viazi: viatu, kipenga, na ile picha ya marehemu baba, kioo kimepasuka. Wachezaji wangu walikuwa wananichungulia kwenye uzio, hakuna aliyethubutu hata kunipungia mkono.

Jioni rais wa klabu, Gualtiero Sbraccia, akatoa yake kwenye televisheni ya mkoa: "Oreste alikuwa mchezaji mzuri. Kama kocha, ni fundi baiskeli." Mjomba, miezi mitano sokoni watu walikuwa wakiniuliza bei ya kuziba pancha!

Na huku kwetu kocha aliyefukuzwa haruhusiwi kufundisha klabu nyingine mpaka msimu uishe. Nikakaa nyumbani na mama, nikimenya viazi na kumlaani Sbraccia. Niliapa nitamtia adabu mbele ya mji mzima, kama alivyonifanyia mimi.

Machi, yule kocha wake mpya wa Milano, mwenye madaftari yake, akawa ameizamisha timu hadi mkiani. Zikabaki mechi tisa. Tulikuwa mezani tunakula sungura, Sbraccia akabisha hodi, kofia mkononi. Mama hakumpa hata kahawa. Sbraccia akasema nirudi, mimi bado ni kocha wake kwa mkataba, na timu ikishuka klabu inakufa. Nikamwacha amalize, nikajikatia mkate polepole.

Nikamwambia nitarudi kwa sharti moja. Jumapili, kwenye misa, mbele ya Padri Egidio na waumini wote, aweke nadhiri: timu ikinusurika, atapanda hadi kanisa la Bikira wa Mwamba, kilomita kumi na nane, peku, amevaa jezi yangu ya zamani namba nne. Marais wengine huahidi mishumaa kisha hupanda kwa gari. Huyu nilitaka nione visigino vyake.

"Oreste, nina kilo mia moja na kumi," akasema.

"Basi jezi itakubana."

Jumapili akatamka, jasho likimtoka. Tangu siku hiyo nikafundisha kwa hasira, maana nisiposhinda sipati kisasi changu. Sijawahi kuwakimbiza vijana namna ile. Ilifika mechi ya mwisho, nyumbani, tunataka ushindi tu. Dakika ya themanini na tatu, kona, beki wetu Rondoni akaupiga kichwa, bao! Uwanja ukalipuka. Mimi niligeuka kumtazama Sbraccia jukwaani. Alikuwa anarukaruka, kisha akakumbuka nadhiri. Roho yangu ilisuuzika kweli kweli.

Alipanda Jumapili iliyopita. Nilimfuata hatua kumi nyuma, nimevaa viatu vipya. Mwanzoni mambo yalikwenda nilivyotaka. Watu walimzomea madirishani: "Mheshimiwa, gari limeisha mafuta?" "Vuta tumbo, namba haionekani!" Nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Baada ya kilomita ya nane miguu yake ikaanza kutoka damu, na hakusimama. Hapo ndipo nilipojua nimekosea. Mimi niliyezaliwa hapa nilisahau watu wetu walivyo: mtu akipanda kwa Bikira peku, hata kama jana aliwaibia kuku, watamfuta miguu. Wanawake wakatoka na vitambaa. Wazee wakavua kofia. Wale wale waliozomea wakajipanga nyuma yake, wakaanza kuimba, nami nikasukumwa pembeni.

Kwenye kona ya mwisho nikamwona mama, amekuja kwa basi, ana chupa ya maji. Nikanyoosha mkono. Akanipita, akamnywesha Sbraccia, akampangusa shingo kwa aproni yake.

"Mama! Huyo ndiye aliyetupa picha ya baba kwenye gunia!"

"Nyamaza, Oreste. Mtu ana nadhiri."

Huko juu kengele zikalia. Sbraccia akanikumbatia mbele ya mji mzima, jezi yangu imeloa jasho lake, akatangaza kwa sauti kwamba mimi ni kocha kwa miaka mitatu zaidi. Watu wakaliimba jina langu. Ningekataa vipi pale? Kisha akaninong'oneza sikioni, analia kama mtoto: "Asante, Oreste. Mji huu haujawahi kunipenda hata siku moja. Leo umenipenda, na ni wewe uliyenipa upendo huo."

Hakuwa ananidhihaki, Mjomba. Hilo ndilo linaloniua. Jumatatu nikatia saini.

Usiniandikie habari za kusamehe, nakuomba. Nisalimie mkaza mjomba Delfina, binamu Nazzareno na watoto wake, na umbusu Alba mdogo ambaye sijamwona. Mama anasema vaeni soksi, huko baridi imeanza. Bikira awalinde nyote; mimi kwa sasa siongei naye.

Mpwa wako akupendaye, ambaye roho yake bado haijatulia,

Oreste