Mlio wa Simu Uliokatikakatika

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na sikuandikii kulalamika, maana moyo wangu umejaa shukrani hadi unaniuma, ila sijui nizitoe vipi.

Mimi ni mshonaji, mjane, naishi na mke wa mwanangu. Mwanangu ni fundi mitambo melini, na barua zake huja kwa kompyuta aliyotuwekea mwenyewe, ile yenye mfumo wa Linux, inayopiga simu kupitia modemu, inalia, inakoroma, ndipo intaneti inaingia. Basi wiki tatu zilizopita ikagoma, kila ukijaribu inaandika kwamba laini haina mlio, na mimi nikinyanyua simu mlio nausikia, nikaamua kuwa mkamwana ndiye kaivuruga kwa kuwa ndiye wa mwisho kuigusa, nikamwambia tangu aingie nyumba hii hakuna kitu kinachodumu, nikakifunga chumba cha kompyuta kwa ufunguo.

Jumanne nikashindwa kukaa bila habari za mwanangu, nikamfungulia. Alikagua waya, akasoma maandishi ya mashine mstari kwa mstari, kisha akaweka simu sikioni, akaniita.

"Mama, hebu sikiliza. Mlio unakatikakatika."

"Si mlio ni huo huo?"

"Kampuni ya simu huukata hivi kukiwa na ujumbe wa sauti ambao haujasikilizwa. Modemu haiutambui, inadhani laini imekufa."

Akapiga namba ya kusikilizia ujumbe. Ulikuwa mmoja, wa wiki tatu nyuma, mama yake mzazi akimwomba aende kukaa naye siku ya kupasuliwa jicho. Akampigia mama yake papo hapo. Kumbe mzee anaona vizuri sasa, jirani ndiye aliyemuuguza. Nikangoja anitupie maneno. Alijifuta uso, akarudi kitini, modemu ikakoroma, barua tisa za mwanangu zikaingia, akasimama akanipisha.

"Mama, keti usome."

Mshauri, nimemshonea gauni, lakini kila nikitaka kumpa hilo gauni, mkono unakuwa mzito.

Mshonaji

*

Dada mshonaji,

Pole kwa wiki tatu za kimya, na shukuru kweli, maana wengi wetu tungetamani mkamwana kama huyo. Lakini nawe umezidi. Ulimhukumu binti wa watu bila hata kumuuliza, na gauni halijui kusema samahani. Liache kabatini kwanza.

Mimi kompyuta zinanipiga chenga, kwa hiyo nimemuuliza fundi wa hapa gazetini. Anasema msikilize ujumbe wa simu kila asubuhi kabla ya kuunganisha intaneti. Na ikigoma tena, mkamwana aongeze X3 kwenye amri ya kuiandaa modemu, nayo itapiga bila kungoja mlio. Yeye atajua pa kuiandika. Wewe usiguse.

Sasa lako. Usimwandikie mwanao kisa hiki kabla hujazungumza na mkewe. Funga cherehani wiki hii, mwende wote wawili kumwona mama yake, na huyo mkwe mwenzio umwombe radhi uso kwa uso, maana usingekifunga chumba, binti yake angeusikia ujumbe mapema. Lakini kabla hamjatoka nyumbani, mketishe binti, umwambie ulimkosea na kwamba unamshukuru, kwa maneno hayo hayo, bila "lakini". Kisha nyamaza. Akitaka kulia, mwache alie.